Prof Aliyepima Maziwa ya Mama

Ukimpa Prof kitu mkononi, hata kiazi, hukupata asante kwanza. Alikirusha juu kidogo, akakidaka, akafumba jicho moja, ndipo akauliza: "Hii inakula nafasi kiasi gani?" Wenzake walisalimia, yeye alipima. Siku ya ubatizo kwa jirani yetu walimpa mtoto mchanga amshike ili wapigwe picha. Akamnyanyua mara mbili, mbele ya padri, akatangaza: "Huyu anaelea bila shida." Mama wa mtoto akamnyang'anya mwanawe palepale. "Prof, mutoto wangu si ndizi!" Tulicheka mpaka chakula kikapoa.

Nikimkumbuka nacheka, halafu nakasirika, halafu nacheka tena. Bora niseme mapema kabla sijanogewa: mtu huyu ndiye aliyenifungua kichwa, na ndiye huyuhuyu aliyemfanya mama yangu aonekane mwizi mbele ya watu. Yote mawili aliyafanya kwa kitu kimoja, densite.

Alifundisha fizika katika shule yetu ya sekondari, juu kwenye vilima vya Masisi, kule ambako ukungu unakaa mpaka saa nne za asubuhi na ng'ombe unamsikia kabla hujamwona. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi za serikali na nadhani lilikaa hukohuko, maana hata prefe, mkuu wa shule, alimwita Prof. Alivaa koti moja la kahawia ambalo mifuko yake ilikuwa imevutika mpaka magotini kwa sababu ya mawe. Ndiyo, mawe. Alitembea na mawe kama wengine wanavyotembea na tumbaku.

Somo la densite alilifundisha kwa mawe mawili. Moja lilikuwa jeusi, la kasiterite, madini ya bati, kutoka machimbo ya Walikale, dogo kama yai la kuku. La pili lilikuwa jiwe la volkano aliloliokota njia ya Sake, lenye matundu matundu, kubwa kama ngumi ya mwanamume. Akauliza darasa lipi ni zito. Sisi wote tukapiga kelele: la Sake! Akayaweka kwenye mizani aliyoazima kwa mwenye duka. Yakalingana sawasawa, gramu mia tatu na hamsini kila moja. Wee! Kuna kijana alisimama kuangalia kama Prof ameweka kidole chini ya sahani.

"Pima kwanza, kelele baadaye," Prof akasema. Hilo lilikuwa neno lake la kila siku, alilisema mpaka kwenye mazishi.

Kisha akatoa chupa ya plastiki aliyoikata shingo. Ubavuni alikuwa ameichora mistari kwa kalamu, na kila mstari aliupata kwa kumimina maji kwa sindano ya dispanseri isiyo na ncha, mililita kumi, tena kumi, tena kumi, mpaka juu. Hatukuwa na laboratwari, tulikuwa na ile chupa. Akalitumbukiza jiwe jeusi kwa uzi: maji yakapanda mililita hamsini. La Sake: yakapanda mia na sitini. "Sasa mugawe," akasema. "Uzito kwa nafasi. Mia tatu na hamsini kwa hamsini, iko ngapi?" Saba. Na lile lingine, mbili na kidogo. "Hiyo njo densite. Kitu kinaweza kujifanya kikubwa, kinaweza kupakwa rangi, kinaweza kulia. Mukiisha kugawa, kimekwisha."

Nilikuwa na miaka kumi na sita na sijawahi kusikia kitu kitamu namna ile. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikapima kila kitu: viazi, sabuni, ufunguo wa baba, mpaka mama akanifukuza jikoni na chupa yangu. Nilikuwa wa kwanza katika fizika mwaka ule na mwaka uliofuata. Baba alipotaka nichukue ushonaji, maana msichana na hesabu wataonana wapi, Prof alikuja nyumbani akakaa kwenye kigoda, akanywa chai vikombe vitatu bila kugusa habari ile, kisha akasimama mlangoni akasema, "Papa, huyu iko na kichwa. Ukimutoa kwa hesabu utakuwa umefanya zambi." Akaondoka. Baba hakutaja ushonaji tena.

Nisimfanye malaika lakini. Mtu huyu wa vipimo alichelewa kila mahali. Saa hakuwa nayo, na ukimwambia somo lilianza nusu saa iliyopita alikujibu, "Kwa saa ya nani?" Maharagwe yake yaliungua kila wiki. Na ziwa! Alitufundisha kwamba mwili wa mtu una densite karibu na ya maji, kwamba ukitulia na kujaza mapafu utaelea, akatuchorea na picha. Tulipokwenda matembezi ya shule upande wa Minova, akakataa katakata kupanda mtumbwi. Tukamwambia, Prof, si unaelea? "Densite yangu ninaijua," akasema, "ya huyu mwenye mtumbwi sijapima." Akabaki ufukweni peke yake na viatu vyetu arobaini.

Watu walimpenda na, zaidi ya kumpenda, walimsadiki. Wamama wa soko walimletea mayai: aliyatia katika beseni la maji, linalozama ni zima, linaloelea limeoza, na hakuna muuzaji aliyebisha. Kuna mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo, mwenye duka barabarani kwetu, aliletewa gunia la mawe meusi akaambiwa ni kasiterite. Alitaka kulinunua lote. Prof akachagua mawe matatu, akapima, akagawa, akapata tano. "Papa, hii ni mawe ya chuma tu. Ingekuwa kasiterite ingesema saba." Muuzaji wa gunia alitoroka bila kudai hata gunia lenyewe. Tangu hapo ukisema "Prof amepima", mabishano yaliisha. Ndiyo maana siku ya mama hakuna aliyefungua mdomo.

Kwetu kulikuwa na nyumba ya fromaji, yaani jibini. Mwenyewe alinunua maziwa ya wamama wa vilima kila asubuhi, na maziwa yenye maji yalikuwa yanamharibia kazi. Akaleta kipimo cha maziwa, kioo chembamba chenye tumbo zito chini na namba shingoni. Unakiachilia katika maziwa kinaelea. Maziwa mazito yanakinyanyua, mepesi yanakiacha kizame, na namba inayogusa uso wa maziwa ndiyo jibu. Ikisema thelathini, maana yake lita moja ya maziwa inaipita lita ya maji kwa gramu thelathini. Maziwa safi yanasema kati ya ishirini na nane na thelathini na mbili. Chini ya hapo, mtu ametembelea mto. Mwenye fromaji hakuamini macho yake mwenyewe, akamwomba Prof awe anakuja kusoma kabla ya shule. Prof alifurahi kama mtu aliyepandishwa cheo.

Wamama walikuja na bidoni, madumu ya maziwa, mgongoni kutoka mbali, wengine mwendo wa saa moja, wengine saa mbili, katika baridi ile ya Masisi inayokufanya usisikie vidole. Mama yangu hakutembea. Ua wetu ulipakana na wa fromaji. Aliwakamua ng'ombe wetu wawili, akavuka uzio, akafika wa kwanza, maziwa yake yangali na povu. Alijisifia jambo hilo. "Yangu hailalake njiani," aliwaambia wenzake, nao walimtazama kwa jicho la pembeni.

Asubuhi ya kwanza Prof akatia kioo katika maziwa ya mama. Nilikuwepo, nilikuwa nimemshikia daftari la kuandikia, na nilikuwa naringa. Kioo kikazama, kikazama, kikasimama kwenye ishirini na sita. Prof akakitoa, akakipangusa, akakitia tena. Ishirini na sita. Akapima ya mama aliyefuata: thelathini na moja. Ya mwingine: thelathini. Ya mwingine: ishirini na tisa.

"Mama," Prof akasema, na alisema kwa upole, siwezi kumsingizia, "maziwa yako iko na mayi."

"Mayi gani? Prof, nimekamua sasa hivi. Shika bidoni, ingali moto!"

"Moto si densite, Mama. Namba njo inasema, si mimi."

"Naapa mbele ya Mungu sikutia."

Prof hakutaka kudhulumu mtu. Akasema atarudi kesho. Kesho akarudi, akapima mara tatu: ishirini na sita, ishirini na sita, na moja iliyokuwa karibu na ishirini na saba. Mwenye fromaji akakunja mikono, akamwambia mama asilete tena. Mmoja wa wale waliotembea saa mbili, mama mmoja mwenye ulimi, akasema kwa sauti ya kusikika, "Kumbe njo maana anafika wa kwanza. Mto iko karibu." Watu wakacheka. Mpaka siku ile mama alikuwa Mama Neema, kwa jina langu mimi. Kufikia jioni alikuwa Mama Mayi.

Alilibeba jina hilo kisimani, kanisani, na sokoni alikouza sasa maziwa yake kwa vikombe. Kwenye foleni ya maji walimwambia, "Mama Mayi, chota wewe kwanza, wewe njo mwenyewe." Alilia mara moja tu niliyoiona, akiwa ameelekea ukuta. Baba, ambaye hakumaliza hata shule ya msingi, alisema, "Mimi sijue namba. Ninajua muke wangu." Basi, kwake ilikuwa imeisha. Mimi niliyejua kugawa nilinyamaza, nikaendelea kwenda kwenye fizika.

Na Prof naye aliendelea kunifundisha. Ndicho kinachonichanganya mpaka leo. Alipopita mbele ya ua wetu alivua kofia, akasalimu, mama hakuitika, naye kesho yake alivua tena. Alinipa daftari lake mwenyewe la mazoezi, lenye majibu kwa wino mwekundu. Alinisomesha kwa mtihani wa serikali wakati wa mapumziko, bila kuomba hata kuku. Sijui kama alikuwa analipia kitu moyoni ao ndivyo alivyokuwa tu. Nilimpenda kama mzazi. Nyumbani nilikwepa kulitaja jina lake.

Baadaye alihamishiwa Walikale, Kibua, kwenye msitu na joto. Alikuja kuaga. Mama alikaa jikoni, akaongeza kuni kwenye moto ambao haukuhitaji kuni. Prof alisimama uani kitambo, akaniambia nisiache hesabu, akaenda na mifuko yake ya mawe.

Halafu vita vikatushusha kutoka mlimani, sisi na nusu ya majirani. Ng'ombe walibaki hukohuko, wakawa wa wengine. Tulipanga Sake, baba akafia hapo. Mimi nafundisha darasa la sita, na kila mwaka nikifika kwenye densite nafundisha vizuri, watoto wanafurahi, tunatumbukiza mawe. Maziwa sijawahi kuyapima. Wanafunzi wamekwisha kuniuliza, nami nasema kipimo hatuna. Ni uongo, kingepatikana.

Kiangazi kilichopita, Jumamosi, nilikuwa namsaidia mama sokoni. Anauza maharagwe, amekaa na wamama wa kwetu waliotelemka pamoja naye, hata yule mwenye ulimi, ambaye sasa anauza ndizi, wameisha kuzeeka wote. Nilikuwa nimebeba ndoo ya maharagwe nilipoona mtu amesimama mbele ya mama, amevua kofia. Ndevu nyeupe, buti za mpira, shingo imekuwa nyembamba. Koti halikuwa lile la kahawia, lakini mifuko ilivutika vilevile. Nikasahau hata kushusha ndoo.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, akiinama, "nilikosa juu yako. Natafuta wewe miaka mingi. Maziwa yako haikuwa na mayi."

Mama hakusimama. "Ulinihukumu mbele ya bantu. Sasa uko unanong'oneza nani?"

Prof akanyooka. Akawageukia wamama wote, akaeleza kwa sauti, kama yuko darasani. Alisema kule Kibua mama mmoja alimletea bidoni ya mafuta ya mawese, imejaa mpaka mdomoni, asubuhi, ingali imeganda. Akaiacha juani. Saa sita mafuta yakawa yanatokea kwenye kifuniko, yanamwagika. Hakuna aliyeongeza hata tone. "Uzito ni uleule," akasema, "nafasi njo ilikuwa imeongezeka, juu ya moto ya jua. Kitu chenye moto kinakuwa chepesi. Nimefundisha hiyo miaka yote! Kitabu kilisema reli ya treni inarefuka kwenye jua. Nani kati yetu aliona treni? Ile somo niliiacha kwenye reli. Nilipoona ile mafuta nilikaa chini, nikakumbuka maziwa ya Mama Neema, inatoka moshi."

Mwenye ndizi akasema, "Maneno tu hiyo, Prof. Si ulikuwa unasema pima kwanza?"

Ee, aliisha kujiandaa. Alikuwa ameazima kipimo kwa wauza maziwa wa palepale Sake. Akanunua maziwa ya mama mmoja, yamekaa kivulini, akatia kioo: thelathini. Wakasogea kusoma wenyewe. Akaomba mbabula ya muuza chai, jiko lake la makaa, akayapasha kidogo tu, mpaka yakawa na joto la maziwa yatokayo kwenye kiwele, akaonjesha kwa kidole wamama watatu ambao wamekamua maisha yao yote, wakakubali kwamba ni lenyewe. Akatia kioo. Ishirini na sita. Hakuna aliyecheka. Akayapoza katika beseni la maji baridi, tukangoja, mimi nahesabu pumzi, akatia tena: thelathini.

"Nyinyi mulitembea kwenye baridi, yenu ilikuwa imepoa," Prof akasema. "Yeye alikuwa karibu. Aliazibiwa juu ya kuwa karibu."

Mwenye ndizi alijifunika mdomo kwa kitenge. Akaenda kwa mama akapiga magoti, pale kwenye vumbi, akasema, "Mama Neema, unisamehe, ile jina njo mimi nililitoa." Wengine wakaja. Mmoja alikuwa analia kuliko mama mwenyewe. Mama aliwashika mikono mmoja mmoja, akamwambia Prof, "Aksanti. Umetembea mbali kuja kusema." Nikajua imeisha, nikaanza kutabasamu.

Mama akanigeukia. "Na wewe, Neema?"

"Mimi nini, Mama?"

"Baba yako alikuwa anasadiki mimi. Wewe ulisadiki nini?"

Prof akadakia haraka, "Mama, huyu alikuwa mutoto. Mimi njo nilimufundisha vile."

"Yako umeisha kuisema, Prof. Ya huyu njo bado." Hakuwa na hasira, hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Mwaka muzima, kila asubuhi nikikamua, ulikuwa unasimama kwenye mlango wa zizi, unaangalia mikono yangu. Ulifikiri sikukuona?"

Nilisimama pale, ndiyo. Nilikuwa natafuta kikombe cha maji, mahali anapokificha, na kila siku nisipokiona niliwaza kwamba amekuwa mwerevu zaidi. Hilo sikuwa nimelisema kwa mtu, hata kwa Mungu nililipitisha kando.

Nikaweka ndoo chini. Prof alikuwa amesema kwa sauti, basi nami nikasema kwa sauti, mbele ya wamama wa kwetu na mbele ya mwalimu wangu: "Mama, nilisadiki namba. Sikukusadiki wewe."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akavuta ndoo karibu naye, kwa sababu kulikuwa na mteja anayengojea maharagwe.